Kuskani chipu ya mbwa au paka aliyeokotwa: mwongozo kamili kwa vituo vya wanyama Dar es Salaam

Kiroba kilifika getini saa nne asubuhi kikitikisika chenyewe. Mama aliyekishika alikuwa ametoka Feri, ndoo ya samaki kichwani, amekasirika kiasi cha haja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mchukueni huyu paka wenu, wiki nzima ananimalizia vibua."

"Si wetu mama, ndiyo kwanza tunamwona."

"Basi ana kwao. Paka wa jalalani hawi na shingo nene namna hii."

Mama alikuwa sahihi, ila sisi ilituchukua siku nzima kukubali. Tulipitisha skana juu ya kiroba, kimya. Tukamtoa, tukapitisha mgongoni, kimya. Tukaandika kwenye daftari "hana chipu", tukamtia kizimba namba 6. Kesho yake daktari alipokuja kumkagua akaishusha skana taratibu mpaka kwenye kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, nayo ikalia. Kwenye kioo zikatokea tarakimu kumi na tano, zimeanza na 528.

Nimeanza na paka huyo kwa sababu karibu makosa yote ya kazi hii tuliyafanya juu yake. Haya yanayofuata ni kwa yeyote anayepokea wanyama waliookotwa hapa mjini: mfanyakazi wa kituo, anayejitolea wikiendi, kliniki ya mifugo, hata jirani mwenye huruma na skana ya kuazima.

Unatafuta nini hasa

Chipu ni kidude kinachochomwa chini ya ngozi ya mnyama, cha ukubwa wa punje ya mchele, urefu wake milimita 12 hivi na unene milimita 2. Zipo ndogo zaidi, za milimita 8. Ndani ya kigae chake cha kioo mna koili ya waya na sehemu inayotunza namba, basi. Haina betri. Skana ndiyo inayoiamsha: inatoa mawimbi, koili inapata umeme kiduchu, chipu inajibu kwa kutaja namba yake, kisha inalala tena. Haina GPS, haina jina la mtu, haina namba ya simu. Kila mwezi anakuja mtu getini akidhani tutafungua kompyuta tumwonyeshe mbwa wake yuko Tabata au Tegeta. Tunampa kiti, tunamweleza polepole.

Chipu nyingi za siku hizi zinafuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, zinasikika kwenye masafa ya kilohezi 134.2 na zina tarakimu 15. Zipo za zamani, hasa zilizotoka Marekani, zinazotumia kilohezi 125 na zenye tarakimu 9 au herufi na tarakimu 10. Dar ina wageni wa kila aina, wa ubalozi, wa mashirika, wa biashara, nao huja na wanyama wao. Kwa hiyo ukinunua skana, nunua inayosoma aina zote mbili. Muuzaji akikuambia tu "inasoma chipu", mwambie akuonyeshe kwenye karatasi ya maelezo kilohezi zipi.

Je, kazi hii ina faida kweli? Utafiti mkubwa wa vituo 53 vya Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, uliona kwamba mbwa waliookotwa walirudi kwa wenyewe kwa asilimia 21.9, lakini wenye chipu walirudi kwa asilimia 52.2. Kwa paka tofauti ni kubwa zaidi: asilimia 1.8 dhidi ya 38.5. Utafiti huohuo ulitazama kwa nini wengine wenye chipu hawakurudi, na sababu iliyoongoza ni namba ya simu iliyokosewa au iliyokufa. Kwa mji ambao watu hubadilisha laini kama viatu, hilo likae kichwani tangu sasa.

Hatua ya kwanza: skana iamke kabla yako

Kila asubuhi kabla geti halijafunguliwa, jaribu skana kwenye chipu ya majaribio. Mwombe daktari wa mifugo chipu moja iliyoharibika sindano, ibandike kwa gundi ya karatasi kwenye kadi ngumu, iandike namba yake kwa juu. Skana ikisoma namba hiyo ileile, uko tayari. Isiposoma, badilisha betri. Vituo vilivyo karibu na bahari vina adui wa ziada: hewa ya chumvi hula vile vyuma vinavyogusana na betri. Vifute kwa kitambaa kikavu kila wiki na uitunze skana kwenye kopo lenye kifuniko.

Kisha hiyo kadi ya majaribio irudishe mbali, kwenye droo ya chumba kingine. Kijana wetu mmoja aliisahau kwenye mfuko wa aproni, na siku hiyo mbwa watatu na paka mmoja wote walikuwa na namba moja. Alifurahi sana kwa mnyama wa kwanza. Kwa wa nne alikuwa amekaa chini.

Hatua ya pili: kichaa cha mbwa kwanza, chipu baadaye

Hakuna namba yenye thamani ya kung'atwa. Mnyama anayetokwa mate mengi, taya limelegea, sauti imebadilika, miguu ya nyuma inayumba, au anayeshambulia bila kuchokozwa, usimtoe alipo ili umskani. Mfungie, watu wakae mbali, mpigie daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakiponi.

Ukikwaruzwa au kung'atwa, hata kidogo, hata na paka mdogo wa kupendeza, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Mnyama aliyeng'ata, kama anaonekana mzima, awekwe peke yake achunguzwe siku 10. Na anayefanya kazi hii kila siku achanjwe mapema asisubiri jino.

Kwa mnyama aliyetulia, funga mlango na madirisha, kwa sababu paka hapendi mlio wa skana. Mwache akuzoee kidogo. Mbwa mwoga mfunge mdomo kwa kifunga mdomo au bandeji laini, asiwe nacho muda mrefu maana joto la Dar linamtaka ahemee mdomo wazi. Paka mkali mfunike kwa taulo nene. Skana inasoma kupitia taulo bila shida.

Hatua ya tatu: mkono

Hapa ndipo tulipokosea na paka wa Feri, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, ondoa chuma. Meza ya chuma, waya za kizimba, kola yenye vyuma, hata saa yako, vyote huvuruga mawimbi. Mweke mnyama sakafuni juu ya mkeka, au tandika taulo kunjo mbili juu ya meza ya mbao. Mvue kola. Sogea mbali na kompyuta na taa za tyubu, simu yako iache kwenye kiti. Sisi yule paka tulimskani akiwa juu ya meza ya chuma inayong'aa tuliyokuwa tunajivunia.

Pili, bonyeza na ushikilie kitufe, gusisha skana kwenye manyoya au iache sentimita moja tu. Wengi huipeperusha hewani kama askari wa benki anayekagua wateja. Anzia katikati ya mabega. Nenda polepole, polepole kuliko unavyodhani, kama mtu anayepiga pasi nguo ya hariri. Pita kushoto kwenda kulia kwa mistari ya nyoka kuanzia shingoni hadi kiunoni, kisha rudia eneo hilohilo ukienda juu na chini. Mara ya pili igeuze skana kwa robo mzunguko. Sababu ni kwamba chipu husikika vizuri ikiwa imelala kwa mwelekeo fulani na hunong'ona ikiwa imelala vingine, nawe huwezi kujua ilivyolala.

Tatu, usiishie mgongoni. Uingereza na Marekani huichoma katikati ya mabega, lakini nchi nyingi za bara la Ulaya huichoma upande wa kushoto wa shingo. Tena chipu nyingine husafiri chini ya ngozi mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo shuka pande zote mbili za shingo, mabegani kwa nje, miguu ya mbele hadi kwenye viwiko, kifuani, mbavuni. Mbwa mnene au mwenye manyoya mengi mbonyeze kidogo kwa skana. Mbwa aliyelowa mvua ya masika mkaushe kwanza, maana ndivyo na yeye atakavyotulia.

Ukifanya hivi vizuri, mbwa mmoja wa wastani anakula dakika mbili au tatu. Ukimaliza kwa sekunde kumi hujaskani, umempungia.

Hatua ya nne: mara tatu, mikono miwili

Skani siku ya kupokea, kabla hata ya kumwondoa kwenye boksi, halafu tena nje ya boksi. Skani siku ya uchunguzi wa daktari. Skani tena kabla ya jambo lolote lisilorudi nyuma: kuhasiwa, kupewa familia mpya, au kulazwa usingizi wa mwisho. Hizo mara tatu zifanywe na angalau watu wawili tofauti, kwa sababu mtu mmoja hukosea palepale alipokosea jana. Sisi sasa daftari la mapokezi lina safu tatu za "skani" na kila safu ina sahihi. Neno "hana chipu" tumelipiga marufuku. Tunaandika "haijasikika", na tarehe.

Hatua ya tano: namba

Ikilia, usishangilie. Soma mara ya pili, uone kama namba ni ileile. Endelea kuskani mwili wote, kwani wapo wanyama wenye chipu mbili, hasa waliohama nchi. Piga picha kioo cha skana ukiwa na uso wa mnyama ndani ya picha hiyohiyo, kisha ndiyo uandike kwa mkono, kwa mafungu ya tatu tatu. Mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike, halafu wabadilishane. Tarakimu 15 ni nyingi kuliko za namba ya simu, na 3 ya mwandiko mbaya ni 8 ya mtu mwingine.

Sasa zitazame tarakimu tatu za mwanzo. Zikiwa kuanzia 900 hadi 998, hiyo ni alama ya kiwanda kilichotengeneza, haikuambii mnyama alitoka nchi gani. Namba 900 yenyewe hutumiwa na viwanda vingi kwa pamoja. Zikiwa chini ya hapo ni alama ya nchi: 250 Ufaransa, 276 Ujerumani, 528 Uholanzi, 834 ndiyo alama yetu Tanzania. Hivyo 528 ya paka wa Feri ilitupeleka moja kwa moja Uholanzi, nayo ikaeleza pia kwa nini chipu ilikuwa upande wa kushoto.

Hatua ya sita: kumtafuta mtu

Skana imemaliza kazi yake. Kuanzia hapa ni simu, na uvumilivu wa karani wa ardhi.

Anza na walio karibu. Piga simu kliniki za wanyama za Masaki, Oysterbay, Msasani, Mikocheni na Mbezi Beach. Sijataja maeneo hayo kwa upendeleo, ni kwamba wanyama wengi wenye chipu hapa mjini wamewekewa kwa sababu ya safari. Nchi za Umoja wa Ulaya hazimpokei mbwa au paka kutoka Tanzania bila chipu iliyowekwa kabla ya chanjo ya kichaa au siku ileile, na kipimo cha damu cha kuona kama chanjo imeleta kinga, kinachochukuliwa angalau siku 30 baada ya chanjo, kisha kusubiri miezi mitatu. Karatasi zote hizo hubeba namba ya chipu. Kwa hiyo daktari aliyezijaza anayo kwenye faili lake, na faili la kliniki ya mtaani mara nyingi lina simu inayoita kuliko hifadhidata ya ng'ambo.

Kisha nenda intaneti. Namba ya Ulaya itafute Europetnet, ambayo huunganisha hifadhidata za nchi mbalimbali na kukuambia ipi ina usajili huo. Kwa Marekani, chama cha hospitali za wanyama cha AAHA kina ukurasa wa kutafutia. Kurasa hizi hazikupi jina la mwenye mnyama, zinakupa hifadhidata ya kuwasiliana nayo. Waandikie barua pepe fupi: sisi ni nani, mnyama yupo wapi, namba ya chipu, hali yake, namba yetu ya WhatsApp inayoanza na +255. Hifadhidata ndiyo itakayomtafuta mtu wake.

Ukipewa namba ya hapa nyumbani na akapokea mtu mwingine, usikate. Laini isiyotumika hurudishwa sokoni ikauzwa upya. Mimi nimewahi kumpigia "mwenye mbwa" nikampata dereva wa bodaboda wa Mbagala aliyeniapia kwamba hajawahi kufuga hata kuku. Nilimwomba radhi, naye akaniuliza mbwa mwenyewe ni wa aina gani, kama hana mtu yeye yuko tayari. Namba ikifa, tafuta jina: mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wanajua nani alikuwa amepanga nyumba ipi, na walinzi wa mageti wanajua zaidi ya mwenyekiti.

Jambo moja usilifanye hata ukibanwa: usiiweke namba ya chipu kwenye stetasi ya WhatsApp wala kwenye kundi lolote. Weka picha ya mnyama, mahali alipookotwa, siku. Namba ibaki kwako, ndiyo kufuli lako siku atakapokuja mtu kudai.

Asiye na chipu iliyosikika

Wengi watakuwa hawa, tusidanganyane. Mbwa wa uswahilini anajulikana kwa jina na kwa uchochoro, hajawahi kuona sindano ya chipu. Usimhesabu mara moja kuwa ni koko. Tazama shingo kama ina alama ya kola iliyovaliwa muda mrefu, kucha, makovu, kama amehasiwa, kama anakaa ukimwambia "kaa". Mrudishe aliyemleta pale alipomwokota, akaulize duka la mpemba na kijiwe cha bodaboda. Nimeona mbwa watatu wakirudi kwao kwa njia hiyo kabla daktari hajafika.

Akipata familia mpya, daktari wa mifugo amwekee chipu kabla hajatoka. Amskani kabla ya kuchoma, kwa mara ya mwisho, na baada ya kuchoma ahakikishe imeingia, kwa sababu kuna wakati hubaki kwenye manyoya au kwenye sindano. Ule utepe wa namba unaokuja na chipu ubandikwe kwenye kadi ya chanjo. Halafu isajiliwe hapohapo mezani, simu mkononi, wenyewe wakiwepo. "Tutasajili tukifika nyumbani" ndiyo chipu isiyo na mtu.

Akija mtu kusema ni wake

Mwache aeleze kwanza, usimwonyeshe mnyama. Jina, umri, kovu, mkia, lini alipotea. Kisha omba kadi ya chanjo, picha za zamani kwenye simu, na namba ya chipu kama anayo. Kama hajui namba, asitajiwe hata tarakimu moja. Mwenye mali halisi mara nyingi analia au anakasirika kwa kuulizwa, tapeli hana haraka.

Lakini elewa pia kwamba chipu inataja aliyesajiliwa, nayo inaweza kuwa imepitwa na maisha. Paka wa Feri tulimpata mwenyewe kwa barua pepe baada ya siku tisa. Namba yake ya simu ya Uholanzi haikuita tena. Akajibu kwamba alishaondoka Dar, na paka alimwachia dada aliyekuwa akimsaidia kazi za nyumbani Mikocheni. Akatutumia jina lake na picha yao wawili jikoni, paka juu ya jokofu. Kwa maandishi alithibitisha kwamba paka ni wa dada. Barua kama hiyo ichapishe uibandike kwenye daftari, usiridhike na "aliniambia kwa simu".

Dada alikuja kwa bajaji siku ya pili, kadi ya chanjo ndani ya mfuko wa nailoni, utepe wa namba bado umebandikwa kwenye ukurasa wa kwanza. Tukalinganisha tarakimu moja moja, mmoja anasoma, mwingine anafuata kwa kidole. Zote kumi na tano. Paka ndani ya kizimba namba 6 alikuwa ameshaanza kulia tangu aliposikia sauti getini.

Kabla hajaondoka tulimkalisha, tukampa soda, tukamwandikia yule wa Uholanzi abadilishe usajili siku hiyohiyo, maana huko bado umeandikwa jina lake. Barua pepe, dada akatupa ya mdogo wake anayesoma chuo. Simu ya kwanza akaweka yake. Tukamwomba ya pili, ya mtu asiyekaa naye. Akafikiri kidogo, akatoa ya mama yake Muheza.

"Huyo hata mkiita baada ya miaka kumi atapokea," alisema akimfunika paka kwa kanga. "Ile laini ni ya tangu mimi niko shule ya msingi."